Nani Atamshika Mtoto Wakati wa Msiba?

Mama mwenye mtoto mwenye usonji huanza kupotea misibani. Kanisani anaweza kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na sokoni akaenda alfajiri kabla watu hawajajaa. Msiba hauna namna hiyo. Una vilio vya ghafla, spika iliyofungwa juu ya mwembe, watu wageni kwa mamia, na mashangazi ambao kila mmoja anataka kumpakata mtoto. Akienda mara ya kwanza, mtoto akapiga kelele na kujing'ata mkono mpaka waombolezaji wakageuka kumtazama yeye, mara ya pili atatuma rambirambi kwa simu. Mara ya tatu hakuna anayeuliza yuko wapi. Na kwetu mahudhurio ya msiba yanahesabiwa: asiyezika wenzake, naye ana siku yake. Ndivyo familia nzima inavyotengwa bila mtu yeyote kuitisha kikao cha kuitenga.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu watoto hawa huanzia hospitalini au shuleni, yakaishia hukohuko. Nao si wachache. Pamoja na wenye usonji wapo wenye utukutu uliopindukia na umakini usiotulia, hali ambayo madaktari huiita ADHD. Wapo wenye disleksia, ambao akili zao ni nzima lakini herufi zinawagomea. Kila mtaa unao, na kila mtaa una majina yake kwao: mtundu, mzito, kichwa ngumu, zezeta, mwenye mashetani. Dunia imekuwa na fikra nyingine kwa miaka kama thelathini sasa, nayo ni kwamba bongo za watu hutofautiana kwa maumbile, na kwamba kazi ya wazazi na walimu ni kumjengea mtoto mazingira anayoyaweza kabla ya kufikiria kumgeuza awe mtu mwingine. Fikra hiyo imefika Nairobi, Dar es Salaam na Unguja. Tatizo ni kwamba imefika kama kaulimbiu ya tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya usonji kwa azimio la mwaka 2007, ilhali jamii ya kuibeba siku nyingine za mwaka haijajengwa.

Tuitazame historia kidogo, maana inaeleza mengi kuhusu tulipokwama. Daktari Leo Kanner alipochapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 aliowachunguza huko Baltimore, Marekani, hakuchukua muda kuwatupia jicho wazazi wao, akiwaona kuwa watu baridi. Bruno Bettelheim akaikoleza hoja hiyo katika kitabu chake cha 1967, na kwa miaka mingi mama wa Kizungu aliambiwa kuwa mtoto amejifungia ndani yake kwa sababu mama hakumpenda. Wazazi ndio waliosimama kuipinga. Wa Uingereza waliunda chama mwaka 1962. Marekani, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 kuonyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wazazi.

Kisha yakaja mageuzi ya pili, ambayo kwetu hayasimuliwi. Watoto wa miaka ya sitini walikuwa wamekua. Mwaka 1992 watu wazima wenye usonji, akiwemo Jim Sinclair, walianzisha mtandao wao wenyewe. Mwaka 1993, kwenye mkutano uliofanyika Toronto, Sinclair aliwaeleza wazazi jambo gumu: wanapolia kwa sababu mtoto wao ana usonji, wanamlilia mtoto mwingine waliyemtarajia, ambaye hakuzaliwa, na huyu aliye hai anawasikia. Ndani ya mazungumzo ya watu hao ndiko fikra ya anuwai ya bongo ilikokomaa. Sifa nyingi humwendea Judy Singer, mwanasosholojia wa Australia aliyeiandikia tasnifu mwaka 1998, lakini ilikuwa ikizungumzwa na wengi kabla yake, na ni haki kusema kwamba ni mali ya kundi zima.

Afrika Mashariki tumeyapata mageuzi ya kwanza tu. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na kwa juhudi zao kukafunguliwa kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, jijini Nairobi. Dar es Salaam kuna kitengo cha namna hiyo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto. Zanzibar ilitangulia kwa njia yake: jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wao iliundwa mwaka 1999, na kuanzia 2004 ikashirikiana na serikali kuwaingiza watoto hao katika shule za kawaida. Hizi ni kazi kubwa, nyingi zikiwa zimefanywa na kina mama waliokuwa wakitoka kazini saa kumi na kuanza kubisha hodi kwenye ofisi. Ila ukiingia katika mikutano ya vyama vya namna hii utakuta wazazi, walimu, daktari mmoja mgeni rasmi, na watoto waliovalishwa fulana za bluu. Mtu mzima mwenye usonji aliyeketi meza kuu na kipaza sauti mkononi, ni nadra kumwona. Nitamrudia.

Lawama kwa mama, kwa upande wake, hatukuhitaji kufundishwa na Bettelheim. Joseph Gona na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi waliwahoji wazazi, walimu, wahudumu wa afya na maofisa wa ustawi wa jamii wa pwani ya Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Sababu zilizotajwa zilikuwa pepo wabaya, uchawi na laana, na sambamba na hizo maambukizi, matatizo ya uzazi na kurithi. Jambo linalovutia ni kwamba mtu mmoja aliweza kushika aina zote mbili za sababu. Mzazi anampeleka mtoto kliniki Jumatatu na kwa mganga Alhamisi, wala haoni mgongano, kwa kuwa hospitali inamweleza ni nini kimetokea na mganga anamweleza kwa nini kimetokea kwake. Anayetaka kujenga jamii inayomkubali mtoto asianze kwa kumcheka mzazi huyu. Aanze kwa kuuliza nani anafaidika laana inapotajwa, maana mara nyingi ni upande wa mume, unaopata sababu ya kumrudisha mke kwao au ya kuoa mwingine. Akina baba wengi huondoka. Jambo hilo halihitaji takwimu kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki ya watoto na kuhesabu suruali.

Kwa hiyo kundi la kwanza linalohitajika ni la walezi wenyewe, na hapa uzoefu wa Kilifi una somo. Watafiti walewale, wakiwa na Karen Bunning wa Uingereza, walifuatilia makundi ya kujisaidia ya walezi wa watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wakachapisha mwaka 2020. Walezi walieleza kuwa upweke ulipungua na wakawaona watoto wao kwa jicho jingine. Ukichimba, makundi haya yanakaa pamoja kwa nguvu ileile inayokikalisha chama cha akina mama Kenya au kikoba Tanzania, yaani fedha. Mwanamke hawezi kutembea mwendo mrefu na mtoto mgongoni kila wiki ili akafarijiwe tu. Akienda kuweka hisa, kukopa mtaji wa kuuza mihogo na kupata msaada wa mfuko wa jamii mtoto anapolazwa, ataenda hata kwenye mvua. Faraja inakuja humohumo, katikati ya kuhesabu noti, Mama Zuhura anapomwambia Mama Neema, "Wangu naye alikuwa hataki kabisa kuvaa viatu. Nilianza kumvisha akiwa amelala."

Sentensi kama hiyo ya mwisho ina thamani kuliko semina nzima. Ninazionea shaka programu zinazoleta wafadhili, mabango na posho ya nauli, kwa kuwa posho ikikoma kikundi hufa. Ipo moja ninayoiheshimu, mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, ambayo yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoongozwa na watu wasio madaktari. Uzuri wake ni kwamba haimdai mama vifaa. Inamfundisha kutumia shughuli za nyumbani: kufua, kupepeta mchele, kupanga vyombo. Mtoto asiyeongea anaweza kuonyeshwa kitu halisi kabla ya kila tendo. Akipewa kata ajue ni kuoga, akipewa kijiko ajue ni kula, akiona kanga ya safari ya mama ajue wanatoka. Mtoto anayejua kinachofuata hulia kidogo, na mama ambaye mwanawe halii ovyo hurudi misibani.

Hapo kuna swali ambalo watetezi wa anuwai ya bongo wa Ulaya na Marekani hulikwepa. Wapo wanaoona kila mafunzo ya kumbadilisha mtoto kuwa ni kumnyima utu. Wana sababu: wengi wao walipitishwa utotoni katika mazoezi ya saa nyingi ya kulazimishwa kutazama watu machoni na kuacha kutikisa mikono, na makovu yake wanayo. Lakini mama wa Kaloleni anayetaka mwanawe aweze kusema "maji", au aache kukimbilia barabarani, hamkani mtoto. Anahofia siku atakayokufa yeye. Mpaka ninaouona ni huu: mafunzo yanayompa mtoto njia ya kuomba, kukataa na kujilinda yanamtumikia mtoto, yanayomfundisha kuficha hali yake ili wageni wasione aibu yanawatumikia wageni. Mtoto akitikisa mikono akiwa na furaha, hakuna aliyeumia. Mwacheni.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa sana mijini ambao umevunja familia kimyakimya. Mzazi wa Kilimani au Mbezi Beach hupeleka mtoto aliyechelewa kuongea kwa mtaalamu, akaambiwa, "Mchagulieni lugha moja, lugha mbili zinamchanganya." Lugha inayochaguliwa huwa ni Kiingereza, kwa kuwa ndiyo ya shule na ya vibonzo. Bibi aliyekuja kutoka Tanga kusaidia kulea anageuka bubu ndani ya nyumba ya mwanawe. Dada wa kazi, anayeshinda na mtoto kuliko wote, anaambiwa aongee lugha asiyoimudu, naye anaacha kuongea. Mtoto aliyehitaji watu wengi wa kusema naye amebakiwa na televisheni. Ushauri huo hauna msingi. Uchunguzi uliofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha watoto wenye usonji wanaokulia katika lugha mbili na wa lugha moja, na wa lugha mbili hawakuonekana kuchelewa zaidi. Mtoto apewe lugha ya watu wanaompenda. Kama ni Kisambaa, kiwe Kisambaa.

Shuleni mambo yana uzito mwingine. Mtoto mwenye ADHD katika darasa la wanafunzi 90, watatu hadi wanne kwa dawati, atasimama, atazunguka, atajibu kabla hajaulizwa. Kenya iliondoa viboko katika kanuni za shule mwaka 2001, ingawa fimbo haijatoweka. Tanzania kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa makosa makubwa. Katika utekelezaji, mtoto asiyeweza kutulia ndiye anayechapwa zaidi, tena kwa kosa ambalo kiboko hakiwezi kuliondoa. Kesho atasimama tena. Mwalimu atasema ni kiburi, na kwa desturi zetu za kumheshimu mkubwa, mzazi atamuunga mkono mwalimu na kuongeza vingine nyumbani.

Mwalimu huyo simlaumu peke yake. Hana msaidizi, na silabasi inamkimbiza. Yapo hata hivyo mambo anayoweza kuyafanya bila kusubiri wizara. Mtoto asiyetulia ndiye atumwe kukusanya madaftari, afute ubao, apeleke mahudhurio ofisini. Mwendo anaouhitaji anaupata kwa halali. Mwenye usonji anayeziba masikio kila inapogongwa ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti aambiwe mapema kwamba inagongwa sasa, au apewe zamu ya kuigonga mwenyewe, kwa kuwa sauti unayoitoa wewe haikushtui kama inayokuvamia. Asiyevumilia sweta ya sare kwa jinsi inavyomwasha aruhusiwe shati. Haya hayagharimu shilingi. Yanagharimu ruhusa, na ruhusa hutoka kwa mwalimu mkuu ambaye naye anaogopa mkaguzi.

Disleksia ndiyo iliyofichika kuliko zote. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi: herufi hubeba sauti ileile karibu kila mahali, na silabi zinajirudia. Kwa sababu hiyo mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana kusoma, anachelewa. Anasoma ki-ta-bu, cha-ba-ba, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umemtoka. Mpango wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa Tanzania, ulioanza 2015 kwa madarasa ya kwanza na ya pili, unauliza kama mtoto anaweza kusoma au hawezi, naye anaweza, kwa hiyo anapita. Anajikokota hivyo hadi la saba. Kidato cha kwanza anakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake na matamshi yake hayaelewani, na ndani ya miezi michache anaitwa mvivu.

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni utaratibu mzuri na wa haki. Lakini makundi yanayotajwa kila mwaka mitihani inapotangazwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili na wenye ulemavu wa viungo. Mtoto ambaye tatizo lake pekee ni mwendo wa kusoma, na ambaye dakika kumi zingembadilishia maisha, hana jina katika orodha hiyo. Nchini Kenya wazazi wa watoto wenye disleksia wamefika mahali pa kuwa na shirika lao na shule yao huko Kitengela. Shule ya binafsi, hata hivyo, inawaokoa walioifikia. Orodha ya mtihani ikirekebishwa inamgusa mtoto wa Nachingwea ambaye mama yake hajawahi kulisikia jina la hali ya mwanawe.

Sasa nimrudie yule mtu mzima asiyekuwapo meza kuu. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanazuoni Mwingereza mwenye usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: wao hawatusomi, na sisi hatuwasomi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh wakaipima kwa mchezo wa kupokezana hadithi, ule wa watoto wa kunong'onezana. Watu wazima 72 walipangwa katika minyororo ya watu 8. Minyororo ya wenye usonji watupu ilibeba hadithi vizuri sawasawa na ya wasio na usonji watupu. Hadithi ilipotea kwa kasi pale walipochanganywa. Maana yake ni kwamba wenye usonji wanawasiliana vizuri wakiwa wenyewe kwa wenyewe, na kwamba anayeweza kumweleza mzazi kwa nini mtoto anajificha chini ya meza ni mtu aliyewahi kujificha chini ya meza.

Watu hao tunao. Ni fundi redio ambaye haangalii wateja usoni na hakosei waya. Ni mwalimu wa hesabu anayevaa shati la aina moja miaka yote. Ni kijana aliyemaliza kitengo cha Ngara au cha Msimbazi, sasa ana miaka 25, anashinda ndani kwa sababu baada ya shule hakupangiwa kitu. Wengine hawana kipimo chochote mkononi, na wengine hawataongea kwa mdomo bali kwa simu, kwa picha au kwa kuandika. Kuwasikiliza kutachukua muda, na watasema mambo ambayo wazazi hawatayapenda, kama Sinclair alivyofanya. Wapo watakaosema kwamba kelele za maadhimisho ya siku yao ziliwatesa, au kwamba hawakutaka picha zao ziwekwe kwenye bango.

Vyama vya wazazi vya Kenya na Tanzania vina katiba, na katiba hizo zinarekebishwa na mkutano mkuu. Mkutano mkuu ujao utenge nafasi mbili za kamati tendaji, zenye kura, kwa watu wazima wenye hali hizi wenyewe, na anayehitaji mtu wa kumsaidia kuwasiliana aruhusiwe kuja naye. Wewe msomaji uliye mwanachama, peleka hoja hiyo kwa maandishi kwa katibu, kabla ajenda haijafungwa.